Barabara Isiyokatwa

Wenzangu wa ofisi ya barabara, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niandike kidogo juu ya kazi ili vijana wasome. Saa yenyewe imeshasimama. Naandika basi kabla sijaifuata. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na kila kimoja kilichelewa. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya lami, juu ya mtu aliyenifundisha kuisikiliza, na juu ya asubuhi moja katika mtaa wa Kamalondo, huku Katanga, ambayo wengi wenu mmeisikia kwa vipande, tena vipande vyenyewe vimeongezwa chumvi.

Mimi ni mtoto wa Kamalondo. Baba yangu alitoka Kasai akiwa kijana, akauza vitambaa, akatusomesha. Siku ya kwanza ya kazi nilifika na viatu vya visigino, kwa kuwa nilidhani ofisi ni meza na kiti. Wakanikabidhi kwa Papa Salumu, mkaguzi wa barabara. Alikuwa mtu wa familia za Maniema, mrefu, mwenye kofia nyeupe, na aliniangalia miguu kabla ya kuniangalia uso. Tulikwenda upande wa Karavia, ambako lami ilikuwa inamwagwa, na kabla sijasalimia watu kisigino changu kimoja kikazama. Papa Salumu akainama, akakichomoa polepole, akanikabidhi mkononi.

“Ma fille,” akasema, yaani binti yangu, “goudron, hii lami, imeisha kukujua. Kesho kuya na viatu ya kazi.”

Nilitamani ardhi inimeze. Baadaye, kwa sababu nitakazoeleza, niliacha kabisa kuutumia msemo huo wa kumezwa na ardhi.

Vyombo vya Papa Salumu vilikuwa vitatu: chaki, ndoo ya maji na mtalimbo. Chaki ni ya kuzungushia pabaya. Maji ni ya kumwaga juu ya ufa ili uone yanakimbilia wapi. Mtalimbo ndio uliokuwa shule yenyewe. Hupigi lami kwa hasira. Unauinua kidogo, unauachia uanguke kwa uzito wake, kisha unanyamaza. Barabara iliyo nzima inajibu kwa sauti fupi na kavu. Iliyo na uwazi chini inajibu kwa sauti ndefu, kama sufuria tupu. Kati ya hizo mbili kuna sauti nyingine nyingi, na kuzijua kunakula miaka. Yeye alikuwa akifumba macho anaposikiliza, na madereva walikuwa wakimpigia honi na kumtukana. Alisema matusi ni sehemu ya kazi, kama vumbi.

“Magari haiuake barabara,” alikuwa akiniambia. “Maji njo inaiuaka. Magari inazikaka tu.”

Hapo ndipo inapoingia ile ada ambayo watu wa mji wanaichukia, nanyi mtatumwa kuitetea. Ukikata barabara kupitisha bomba au waya, hata ukiziba vizuri, mahali pa kuunga patabaki na ufa mwembamba. Mvua inashuka humo, udongo wa chini unalainika, kiraka kinabonyea, na baada ya misimu michache njia nzima imekwenda na kiraka. Ndiyo sababu mji unatoza ada kwa anayekata, na barabara ikiwa mpya ada inakuwa nzito zaidi, ili mtu afikiri kwanza kabla ya kushika sururu. Mimi sikuwahi kuichukia ada hiyo, na leo pia siichukii. Nimeona barabara nzuri ikizikwa kabla ya kutimiza mwaka kwa sababu ya watu watatu wenye haraka.

Bila shaka watu waliikwepa. Kulikuwa na mwenye baa mmoja aliyekata barabara Jumapili, kisha akaegesha juu ya mtaro wake lori bovu lisilo na magurudumu. Kila tulipopita alituambia fundi yuko njiani. Lori lile liliota majani. Kulikuwa na waya uliopitishwa mbele ya kanisa, wakafunika mahali pale kwa zulia, na mhubiri akatuambia kwa uso mkavu kwamba ni kwa ajili ya maharusi. Papa Salumu alilizunguka zulia lile kwa heshima, akaangusha mtalimbo katikati yake, akasikiliza, akasema, “Maharusi iko na shimo.” Tulicheka njia nzima mpaka ofisini. Nayaandika haya ili mjue kwamba zilikuwepo siku za kucheka.

Alipostaafu aliniachia mtalimbo wake. Ulikuwa umelainika pale mkono wake ulipokuwa ukiushika, na sikuruhusu mtu aupake rangi. Alikufa miaka michache baadaye, kwa maradhi ya kifua. Nilikwenda maziarani, nikasimama nyuma na wanawake, nikalia kama mtoto wake. Sioni haya kusema hivyo.

Sasa nifike Kamalondo.

Avenyu yenyewe, yaani ile barabara ya mtaani, sitaitaja, kwa kuwa watu wake bado wapo. Ilikuwa avenyu ya vumbi tangu utoto wangu: mafundi cherehani, wauza makaa, baa mbili, nyumba zimebanana. Ilipowekwa lami watu walicheza ngoma. Lakini bomba kubwa la maji lilikuwa upande mmoja wa barabara, na vile vibomba vya zamani vilivyovuka kwenda upande wa pili vilikatika wakati wa kazi. Kampuni iliyoweka lami ikamaliza, ikafunga virago. Upande mmoja ukabaki na maji, upande wa pili ukabaki na barabara nzuri ya kwenda kuyachota. Kuvusha bomba upya kulihitaji kukata lami ambayo haijapata hata mvua moja, na ada ya kukata lami ya namna hiyo wauza sombe, majani ya muhogo, hawawezi kuilipa, hata wakichangishana.

Nilipeleka habari hiyo ofisini. Wakasema itashughulikiwa. Nanyi mnalijua neno hilo.

Watu wa upande ule hawakungoja. Wakakumbuka kwamba Katanga kuna watu wanaojua kwenda chini ya ardhi bila kuigusa juu. Wakawatafuta creuseurs wawili, wachimbaji wa mkono waliokuwa wamefanya kazi kwenye mashimo ya shaba na kobalti: Ilunga na mwenzake Kabwe. Mpango ukawa kuchimba kisima kifupi ndani ya lupango, yaani kiwanja cha nyumba, wa muuza sombe mmoja, Mama Alphonsine, nyuma ya ukuta unaopakana na barabara, kisha kutambaa kwa upande chini ya lami mpaka ng'ambo. Bomba lipite humo, kisima kifukiwe, na barabara ibaki bila mkwaruzo. Asiyekata halipi. Kwa akili ya mtaa ulikuwa mpango safi, na nikiwa mkweli, hata mimi ningeusifu kama ningeusikia barazani.

Kosa lao lilikuwa moja, nalo ni kosa la watu wa shimo. Ilunga alizoea udongo ambao hakuna mtu aliyeugusa tangu dunia iumbwe. Udongo ule unashikana wenyewe. Chini ya barabara mpya hakuna udongo wa namna hiyo. Kuna kifusi kilicholetwa na malori na kushindiliwa kutoka juu, na hapa na pale kuna mitaro ya zamani iliyofukiwa ovyo. Kinabeba mzigo wa juu. Ukikitoboa kwa ubavu, kinamwagika. Na usiku waliokuwa wakichimba, mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha.

Nilifika asubuhi yake kwa ukaguzi wangu wa kawaida, peke yangu, nimevaa kile kizibao chetu cha rangi ya machungwa. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni vinu. Mnajua kwetu sombe inapondwa nyuma, karibu na jiko. Kwa Mama Alphonsine vinu vilikuwa vimepangwa mbele, chini ya ukuta wa barabara, na wanawake walikuwa wakiponda kwa pamoja, bila wimbo, bila mzaha, bila kupumzika. Kando ya geti kulikuwa na chungu ya udongo mwekundu, mbichi, imefunikwa kwa bashi, lile turubai la malori. Nyumba yenyewe haikuwa na ujenzi wowote.

Mama Alphonsine nilimfahamu. Alikuwa mjane, muuza sombe iliyopondwa, mwanamke ambaye ulimi wake ulitosha kuongoza soko zima. Siku ile alinijibu salamu akiwa ameziba mlango wa geti kwa mwili wake.

“Yambo, mama.”

“Yambo sana, Mama Ngalula. Leo hapana ku-contrôler hapa. Tuko na kazi.”

“Hii budongo inatoka wapi?”

“Ya kupanda maua.”

“Na sombe hii yote ni ya nani?”

“Ya matanga. Ya bantu ya mbali.”

Nikarudi barabarani, nikaangusha mtalimbo. Sikusikia kitu. Vinu vilikuwa vinatikisa ardhi mpaka nyayoni, na sauti ya chuma ilipotea humo ndani. Nikasogea, nikajaribu tena. Hapo nikakasirika, maana nilielewa kwamba vinu vile vimewekwa kwa ajili yangu. Nilidhani wanaficha shimo. Sikudhani kwamba ndani ya shimo kuna mtu.

“Simamisheni kuponda kidogo,” nikawaambia kutoka getini.

“Sombe itaharibika,” akasema Mama Alphonsine.

Sombe haiharibiki kwa kupumzika, hata mtoto anajua hilo. Nikamwangalia usoni, naye akageukia vinu. Nyuma yake, kwenye kinu cha mwisho, kulikuwa na mwanamke kijana aliyekuwa akiponda na macho yake yametazama ukuta. Majani kwenye kinu chake yalikuwa yameshageuka maji, lakini aliendelea kuponda.

Nikavua kile kizibao. Sijui kwa nini nilikivua wakati ule. Nilikitupa juu ya bashi, nikasema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, “Bamama, mi mutoto ya hapa. Baba yangu njo aliuzishaka bitambala pale ku kona. Leo sikuye juu ya taxe. Munaficha nini?”

Yule mwanamke kijana akaacha kuponda. Akauweka mchi chini taratibu.

“Mama,” akasema, “bwana yangu iko chini.”

Alikuwa mke wa Ilunga. Kisha maneno yakatoka kwa wote pamoja. Kifusi kilikuwa kimeanguka nyuma ya Ilunga tangu alfajiri. Kabwe alikuwa kisimani akichimba kumfuata, na kila alipotoa ndoo moja ikamwagika nyingine. Walikuwa wamekubaliana wasiite mtu. Wakiita, mji utakuja, ada itaandikwa, maji hayatafika, na Ilunga mwenyewe atapelekwa kituoni akitoka. Walikuwa na hakika kwamba anatoka. Kwa hiyo waliendelea kuponda, ili koleo la Kabwe lisisikike barabarani.

“Munyamaze bote,” nikasema.

Vinu vyote vikanyamaza. Cherehani za jirani pia zikanyamaza, na muziki wa baa ukazimwa. Sijawahi kuusikia Kamalondo ukiwa kimya namna ile. Nikasimama katikati ya barabara, nikaangusha mtalimbo. Ulijibu kama sufuria. Nikasogea hatua moja, nikaangusha tena, na kabla sijauinua, kutoka chini ya miguu yangu, kikajibu chuma kingine. Mara tatu, polepole. Wachimbaji huwasiliana hivyo shimoni. Maana yake ni: niko.

Mke wake alisikia. Wote walisikia.

Wenzangu, sheria yetu inasema hakuna mtu anayegusa lami mpya bila karatasi iliyotiwa sahihi. Nilichora duara kwa chaki, nikawaita wanaume wa avenyu, nikawaambia wakate. Fundi cherehani mmoja, mtu mzima mwenye miwani, aliniuliza kwa woga, “Mama, kweli tukate?” Nikachukua sururu, nikapiga mwenyewe wa kwanza. Lami ilikuwa nzuri. Hilo ndilo liliniuma. Miaka yote nilikuwa nimepigana na makampuni yatupe lami nene isiyopasuka, na siku ile ilikuwa nene, ngumu, imewekwa kama inavyotakiwa, na kila pigo lilirudi mikononi mwetu.

Tulikuwa tukisimama mara kwa mara ili niangushe mtalimbo na kusikiliza. Alijibu mara tatu. Tukakata. Alijibu mara mbili. Tukakata, watu wakipokezana, viganja vimechubuka. Alijibu mara moja. Kisha niliangusha mtalimbo, nikanyamaza, na watu wote wakanyamaza nami, na hapakuwa na jibu. Niliangusha tena. Mke wake akasema, “Piga nguvu, mama, pengine hasikie.” Nikapiga kwa nguvu, kinyume cha yote niliyofundishwa.

Tulipofungua kifuniko kile cha lami tulimkuta amelala ubavu, mkono umeinuliwa, kipande cha nondo kiganjani. Mwili wake ulikuwa bado na joto. Hewa ndiyo iliyomwishia. Kabwe alitoka kisimani akiwa mwekundu wa udongo mwili mzima, akakaa kando ya barabara, wala hakulia mpaka jioni.

Matanga yalifanyika pale pale, kwenye avenyu. Nilikwenda nikiwa nimejifunga kitenge, bila kizibao, sina hakika kama watanipokea. Mama Alphonsine alikuwa ameketi kwenye mkeka, amepungua kana kwamba ameugua mwaka mzima. Alinishika mkono, akasema, “Mama Ngalula, kinu yangu njo ilimuua.” Niliketi karibu naye mpaka jua lilipozama. Mke wa Ilunga alikuja, akatuletea maji ya kunawa, sote wawili.

Ofisini mkubwa wetu wa wakati ule aliniita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa bado mgeni kazini na alizifuata kanuni kwa kuwa ndizo alizokabidhiwa. Kanuni inataka kila mkato kwenye barabara mpya iwe na mwenyewe.

“Mama, nani alikata?”

“Mimi.”

“Kwa ruhusa ya nani?”

“Ya yule aliyekuwa chini.”

Alivua miwani, akafuta macho kwa kidole. Hakuniuliza tena, na ada ile haikuandikwa kwa jina la mtu. Lakini sikuondoka. Nilimwambia kwamba ada ni nzuri na iendelee, ila ni dhambi kumtoza mtu kwa kukata barabara ambayo sisi wenyewe tuliifunga bila kumwuliza maji yake yanapita wapi. Tulibishana wiki kadhaa mpaka akakubali. Ile desturi mnayoiona leo ilianzia hapo: kabla ya tabaka la mwisho, mkaguzi anapita nyumba kwa nyumba na kuuliza, na tunalaza bomba tupu chini ya barabara kutoka upande hadi upande, ili atakayehitaji kupitisha kitu apitishe humo. Haifanyiki barabara zote. Kwingine mkubwa ana haraka ya kukata utepe. Mnapolalamika kwamba kubisha hodi kunawachosha miguu, mkumbuke tulikoianzia.

Shimo lenyewe tuliliziba kwa kiraka. Bomba la maji tulilipitisha pale pale tulipomtoa Ilunga, na upande ule ukapata maji. Hakuna aliyecheza ngoma.

Baada ya hapo nilikuwa nikipita avenyu ile kwa kazi, na kila nilipokaribia na mtalimbo begani, vinu vilinyamaza. Kimoja, kisha cha jirani, kisha cha nyumba inayofuata, mpaka mwisho wa avenyu. Nikipita, vinaanza tena. Mwanzoni iliniumiza. Nilidhani wamenichukia, hawataki hata kupika mbele yangu. Siku moja nilimwuliza Mama Alphonsine kama nimewakosea.

Alishangaa. “Apana, mama. Tunanyamazaka ili usikiye.”

Juzi nilipita Kamalondo kununua sombe kwa ajili ya wajukuu. Nilikuwa na kikapu tu, maana mtalimbo nilimwachia yule binti aliyechukua nafasi yangu, na nilimkataza kuupaka rangi. Sikuwa mtu wa ofisi tena. Hata hivyo kinu cha kwanza kikanyamaza, na cha pili, na kile cha Mama Alphonsine, ambaye siku hizi anaponda akiwa ameketi. Mchi wake ukabaki hewani, akaniangalia, akangoja.

Nikasimama juu ya kiraka. Sikuwa na chuma, basi nikapiga kisigino, nikafumba macho, nikasikiliza mpaka nikawa na hakika.

“Hakuna muntu,” nikawaambia. “Pondeni, bamama.”